Neno Lililokatazwa Baba Akiwa Ndani

Utoto wangu niliupitia Bunia, na nyumbani kwetu neno moja halikusemwa baba akiwa kazini. Neno hilo ni kuzimu. Baba alichimba dhahabu Bambu, ndani kabisa ya mlima, akirudi kwetu kila mwisho wa mwezi. Tate, yaani mama mzaa baba, alituruhusu kusema “chini”, “ndani”, au “kule”. Kuzimu ni mahali pa waliokwisha kuzikwa. Kupataja mtu wetu akiwa ndani ya udongo, alisema, ni kumwonyesha njia ya kwenda huko.

Mwaka wa komunyo yangu ya kwanza, katekista alitutaka tukariri sala ya Nasadiki mmoja mmoja. Nilipofika pale Bwana anaposhuka kuzimu, niliruka. Alinirudisha, nikaruka tena.

“Weye Gaspard, Bwana Yesu alishuka wapi?”

“Chini, mwalimu.”

“Chini wapi? Mu kisima?”

Wenzangu walicheka sana. Katekista akasema asiyetaja neno hilo hapokei komunyo. Jumapili ya komunyo wenzangu walivaa nguo nyeupe, nami nikakaa nyuma na Tate. Alinishika mkono misa yote.

Baba aliporudi alikasirika, lakini si kwangu. Alimweleza mama yake kwamba kila asubuhi, kwenye mdomo wa shimo, mkubwa wao hupiga hodi: hodi kuzimu, tunapita tu. Kabla ya hodi hakuna anayeshuka.

“Mama, siye tunaitaja kila siku. Mutoto amekosa komunyo bure.”

Tate aliendelea kuchambua maharage.

“Weye iko na hodi yako,” alisema mwishowe. “Miye huku juu niko na nini?”



Nilipokea komunyo mwaka uliofuata. Neno nililitamka lote bila shida, maana baba alikuwa nyumbani, likizoni. Alikufa mzee, kitandani mwake, na Tate, maisha yake yote, hakuwahi kudai sifa ya kumlinda.

Leo wajukuu zangu wanachimba upande wa Mambasa, katika mashimo yasiyo na nguzo, na simu zao hazipatikani siku nyingi. Siamini tena kwamba neno linaweza kumwonyesha mtu njia ya kaburi. Ila kumngoja aliye ndani ya udongo kunachosha, nami nimechoka. Tate alikuwa na kitu kimoja tu cha kumfanyia mwanawe, kufunga mdomo, na siku ile nilikifanya pamoja naye. Sijutii ile Jumapili.