Kwanza Pikapu Ipimwe

Taa nyekundu ya oili iliwaka nikiwa kwenye mlima, Nkubu ikiwa karibu kabisa. Nilikuwa natoka Siakago na magunia ya ndengu, zile choroko, nyuma, gia ya pili, mguu umekandamiza mafuta. Ile taa yenye picha ya birika ikawaka kwenye dashibodi, ikazima, kisha ikawaka tena na kukaa. Nilisogea kando ya barabara nikazima injini papo hapo.

Sikuwa fundi, lakini hilo nililijua: taa ile si ya kubishana nayo. Nilingoja injini ipoe kidogo, nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakipangusa kwa kanga kuukuu, nikakirudisha na kukichomoa tena. Oili ilikuwa imefika alama ya juu. Ilikuwa nyeusi, kama oili ya dizeli ilivyo siku zote, lakini haikuwa na maji wala harufu ya kuungua. Nikawasha tena. Injini iliponguruma taratibu, taa ikazima. Nilipokanyaga mafuta, ikaanza kupepesa. Nikaachilia, ikazima. Nikakanyaga tena kwa nguvu zaidi, ikawaka kabisa.

Nilirudia jambo lile mpaka nikawa na hakika nalo, kisha nikazima nikaketi kwenye jiwe kungoja msaada.

Pikapu ile ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Mimi nimeolewa Kibirichia, kwenye baridi na waru, yaani viazi, lakini nilizaliwa upande wa Siakago, ambako jua halina mzaha na waru haimei. Dada yangu bado yuko kule, ana kibanda sokoni. Kwa hiyo mimi huteremsha waru kutoka juu, yeye huziuza, nami hurudi na ndengu na mtama. Mume wangu ni mtu wa shamba. Barabara ni yangu. Pikapu tuliinunua ikiwa imeshazeeka mikononi mwa watu wengine, na tangu hapo sisi pia tumeizeesha.

Dereva wa lori la kabeji alinifunga kamba akanivuta mpaka Nkubu. Hapo mafundi wawili waliokuwa kando ya barabara walikuja kwa pamoja, na kila mmoja akanipa jibu lake.

"Mama, hiyo ni waya ya taa tu," alisema wa kwanza, akifuta mikono. "Nikitoa hiyo waya, taa haiwaki tena, na unaenda nyumbani."

"Na kama si waya?"

"Ni waya. Hizi gari za zamani ziko hivyo."

Wa pili alikuwa ameweka sikio karibu na injini. Akatikisa kichwa. "Usidanganywe. Hii injini imeisha. Beringi zimeenda. Tafuta injini ya mitumba, tukuwekee, usahau hii."

"Mmoja anasema ni waya, mwingine anasema ni injini nzima," nikasema. "Nani amepima?"

"Tupime nini, na taa inaonekana?"

"Presha. Taa inasema presha ya oili iko chini. Sasa iko chini kiasi gani?"

Wakatazamana. Nikawaambia kwamba mama mkwe wangu ana ugonjwa wa presha, na kila akienda kliniki hufungwa ule mkanda mkononi na kupimwa, ndipo aandikiwe dawa. Hajawahi kupewa dawa kwa kutazamwa usoni. Walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini sikuiacha pikapu pale. Nilimwomba yule dereva wa lori anivute mpaka Meru mjini, kwa fundi mmoja anayetengeneza matrekta ya wakulima wa upande wetu. Ndengu nikazihamishia gari lingine.

Fundi wa matrekta ni mtu mzito wa maneno. Alinisikiliza nikimweleza jinsi taa inavyowaka nikikanyaga na kuzima nikiachilia, naye akaniuliza mara mbili kama nina hakika sijalipindua jambo lenyewe.

"Sijalipindua," nikasema. "Nimelijaribu mpaka nikachoka."

"Basi ni ajabu kidogo. Tungepima." Akakuna shingo. "Lakini geji yangu ya kupimia presha ya oili nilimwazima mtu, na huyo mtu sijamwona tena."

"Nikileta geji, utapima?"

"Ukileta geji, nitapima mbele yako."

Jioni, juu ya sahani za mukimo wa viazi na mahindi, mume wangu alisikiliza yote kisha akaweka kijiko chini. Alikuwa tayari amepiga simu kwa mtu anayenunua magari ya chuma chakavu.

"Tuiuze vile ilivyo," alisema. "Akichelewa kuja, tutakuwa na mzoga uwanjani."

"Hatujui inaumwa nini."

"Inaumwa uzee."

"Uzee si ugonjwa. Wewe mwenyewe una mvi na unalima kila siku."

Hakucheka. Alisema kwamba kila ninapoteremka kwenda Siakago hukaa akiangalia simu, na ikilia kabla ya saa yake moyo humruka. "Leo ni taa. Siku nyingine itakuwa breki kwenye ile miteremko ya mito. Sitaki kupigiwa simu na mtu nisiyemjua akiwa ameshika simu yako."

Hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mtu aliyeichoka pikapu, kumbe alikuwa ameogopa. Nikamwambia, "Ikipimwa na ikaonekana imekwisha, nitaiuza mimi mwenyewe na sitalia. Lakini kwanza ipimwe."

Asubuhi nilizunguka maduka ya vipuri ya Meru nikiwa na sensa ya oili mkononi, kile kifaa kidogo kinachowasha taa; fundi alikuwa ameifungua anipe ili nioanishe uzi wake wa skrubu. Kila duka lilinitolea geji ya upepo wa magurudumu. Nikieleza, muuzaji anasema, "Ni hiyohiyo, mama." Si hiyohiyo. Mwisho nikaingia kwa mtu anayetengeneza mipira ya haidroliki ya matingatinga. Alikuwa na geji nzuri yenye uso mkubwa, lakini mdomo wake haukulingana na tundu la sensa yangu. Akachimba kwenye mikebe ya vipande vya shaba, akijaribu kimoja baada ya kingine kwenye uzi, nami nimesimama juu yake kama askari. Kila aliposema tutafute kesho nilimwambia bado kuna mkebe ule pale. Kipande kilichokubali kilitoka kwenye mkebe wa mwisho, na akakiunga na mpira mrefu.

Fundi aliipokea geji akaigeuza mikononi, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. Akaifunga mahali pa sensa, nikawasha.

Injini ikiwa baridi mshale ulipanda vizuri, ukasimama. Tuliiacha ingurume mpaka ikapata moto. Mshale ukashuka polepole, ukatulia chini kidogo, lakini haukuanguka.

"Kwa umri wake, hapa si pabaya," fundi alisema. "Sasa kanyaga kidogo kidogo."

Nikakanyaga. Mshale ukapanda. Nikaongeza. Ukapanda tena, halafu ukaanza kutetemeka, na nilipozidi kukanyaga ukaporomoka. Taa hatukuwa nayo tena, maana sensa ilikuwa imetolewa, lakini sote wawili tulijua ingekuwa imewaka.

"Achilia," alisema. Mshale ukarudi mahali pake. "Rudia." Ukaporomoka tena palepale.

Akaja dirishani, akaegemea. "Beringi zikilika, nafasi inakuwa kubwa, oili inapita ovyo. Hapo presha inakosekana injini ikitulia, na ukikanyaga inapanda. Hii yako inafanya kinyume. Ikitulia ina oili. Ikitaka oili nyingi, haipati."

"Kama mtu anayekunywa kwa mrija ulioziba?"

"Kitu kama hicho. Au pampu. Au inavuta hewa mahali."

Hakurukia kufungua. Alibadilisha oili na chujio la nje kwanza, maana ndicho kitu rahisi, na tukapima tena. Mshale uliporomoka vilevile. Sasa ilibaki kuteremsha sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, na kwa gari letu huwezi kulitoa mpaka injini iinuliwe kwa mnyororo, kwa sababu kuna chuma kinapita chini yake.

Nilimpigia mume wangu. "Ukishaifungua hivyo," alisema, "yule mnunuzi hataitaka hata bure."

"Najua."

"Na bado unataka ifunguliwe?"

"Nataka."

 Nilisikia ng'ombe upande wake. Kisha akasema, "Haya. Basi usitoke hapo mpaka uone kwa macho yako."

Sikutoka. Injini iliinuliwa, sampu ikateremshwa, na fundi akaniita niiname chini na tochi. Chujio la ndani, lile lenye wavu ambalo pampu hunyonyea, halikuonekana kama wavu. Lilikuwa limevikwa tope zito jeusi, na ndani ya tope kulikuwa na nyuzi za mpira laini, zimesokotana kama ubani uliotafunwa. Fundi alizivuta kwa kidole.

"Silikoni," alisema. "Gundi. Mtu alifunga kifuniko fulani, akapaka kama anapaka mkate siagi. Iliyozidi ndani ikabanduka, ikaja kukaa hapa."

Injini ikienda pole pole, oili kidogo ilipita kwenye matundu machache yaliyobaki. Ikipanda mlima na mzigo, pampu ilikuwa kama inanyonya kupitia kitambaa. Na hata kipete cha mpira pale bomba la chujio linapokutana na pampu kilikuwa kimekauka kuwa kigumu kama kifungo cha shati, kikiruhusu hewa.

Nilitaka kushangilia, lakini yeye akanizuia kwa mkono. "Bado. Hatujui injini imeumia kiasi gani kwa kukosa oili." Akafungua kofia ya beringi moja ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, akaitazama beringi kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa ya kijivu, na mistari ya mikwaruzo ilikuwa imepita juu yake. Akanipa niipapase kwa ukucha. Ukucha ulikwama kidogo.

"Ukitaka, inaweza kurudi hivyo na itembee," alisema. "Lakini kama ni yangu, ningebadilisha zote tukiwa tumeshafungua."

"Ifanye kama yako," nikasema.

Beringi mpya zikaingia. Krenki yenyewe, aliipima na kusema imenusurika. Chujio lilioshwa kwa mafuta ya taa mpaka wavu ukang'aa, kipete kipya kikawekwa, na sampu ikafungwa kwa gundi kidogo sana, iliyopakwa kama uzi mwembamba niliousimamia mwenyewe.

Kisha tukafikia kuwasha. Fundi alichomoa waya inayofungulia dizeli ili injini izunguke tu bila kuwaka, mpaka oili ipande kwanza. Nikazungusha ufunguo. Mshale wa geji haukusogea. Nikazungusha tena. Haukusogea. Betri ilianza kuchoka. Fundi akapangusa jasho. Nilimfikiria yule mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye sasa asingeitaka.

"Pampu imekauka," fundi alisema mwisho. "Tulipofungua, oili yote ilitoka. Inazungusha hewa."

Akafungua chujio la nje, akalijaza oili, na kupitia tundu lake akamimina nyingine irudi taratibu kwenye pampu, kwa mrija mwembamba, akingoja imezwe. Tukaazima betri ya trekta. Nikazungusha. Mshale ukatikisika. Nikazungusha zaidi, na ukainuka kama mtu anayeamka kitandani kwa uvivu, ukaenda, ukaenda, ukasimama.

"Simama hapo hapo," nilimwambia mshale, kwa Kimbeere, lugha ya kwetu Siakago, na fundi, ambaye ni Mmeru, akaelewa vizuri kabisa.

Safari ya kuijaribu, mume wangu alisema anakuja. Hakuwa amewahi kuja nami kwenye barabara ya Embu, ile ninayopita kwenda Siakago, tangu nianze kazi ile. Tulipakia magunia ya waru kiasi cha mzigo wa kawaida, kwa sababu gari tupu halisemi ukweli. Geji ilikuwa bado imefungwa kwenye injini, mpira wake umepitishwa chini ya boneti mpaka dirishani, na uso wake mume wangu ameushika kwa mikono miwili juu ya magoti.

Tuliteremka tukapita Nkubu, tukageuza gari chini ya mteremko, tukaanza kuupanda ule mlima. Gia ya pili. Nilikanyaga.

"Soma," nikamwambia.

"Imepanda."

"Sasa?"

"Iko palepale."

Injini ilikuwa inapiga kelele ya kazi, ile kelele nzito ya kubeba. Lori lilitupita likishuka. Mimi macho yangu yalikuwa barabarani na masikio yangu kwake, na kila nilipoongeza mafuta alisema, "Palepale," bila hata kuulizwa, sauti yake ikizidi kuchangamka. Karibu na kilele alinyamaza, nikashtuka.

"Nini?"

"Hakuna kitu. Imeshuka kidogo, ikarudi." Akaisogeza geji karibu na macho. "Ni wewe uliachilia mafuta."

Kweli, nilikuwa nimeachilia. Nikakanyaga tena.

"Imerudi juu," alisema. Tulifika kileleni, na pale panapokuwa tambarare nilitaka kusogea kando tupumzishe injini, lakini alinionyesha barabara kwa kidevu, mikono yote bado imeshika geji.

"Usisimame," alisema. "Endesha. Nataka kuiona kwenye mlima mwingine."