Mashahidi Wawili wa Saa Saba

Hakusoma tangazo lolote hewani kabla watu wawili hawajalithibitisha. Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe, na ndiyo iliyompa jina: kituoni waliomzoea walimwita Mama Mashahidi.

Kituo cha redio kilikuwa vyumba vitatu ndani ya ghala la zamani la pamba, mlingoti ukiwa nyuma ya choo. Kilirusha kwa masafa ya kati, sauti yenye mikwaruzo iliyofika hadi mabondeni, ambako redio kubwa hazikushika. Asubuhi bei za mazao, saa nne masomo ya shule, saa saba mchana matangazo ya vifo na waliopotea. Kwa hayo ya saa saba watu walitua majembe. Katika mwaka wake wa pili kazini alitangaza kifo cha mtu aliye hai. Karatasi ilikuwa imeletwa na hasimu wa mtu huyo. Mama wa mtu huyo alisikia akichambua maharage, akaanguka, hakuinuka tena. Tangu siku hiyo, mashahidi wawili.

Miaka kumi na saba baadaye, dakika tano kabla ya saa saba, simu ililia. Alikuwa mlinzi wa bwawa la juu.

"Mama, ukuta umepasuka! Waambie wa kando ya mto wapande kilimani sasa hivi!"

"Nani mwingine ameuona?"

"Mwingine nani? Niko peke yangu na maji haya!"

Simu ikakatika. Mama Mashahidi alishusha mkono wa simu. Mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao afariki, aliishi kando ya mto ule. Akapiga ofisi ya bwawa. Iliita weee, kimya.

"Dada, soma tu," alisema fundi mitambo.

"Na kama amelewa? Watu watakanyagana bure."

"Yule? Hata chai ya rangi anaogopa itampanda kichwani! Soma!"

"Shahidi ni mmoja."

"Basi niandike mimi wa pili."

"Wewe umeona nini zaidi ya nyaya zako? Endelea kupiga simu."

Taa nyekundu ikawaka. Akasoma vifo vitatu, macho kwenye kioo cha studio ambako nyuma yake fundi alishikilia simu sikioni. Alimfahamu mlinzi yule miaka mingi, wala hakumtilia shaka. Alichoogopa ni kukosea mara ya pili, na woga huo akauita kanuni. Hapo ndipo alipopotoka. Kanuni huwekwa ilinde watu. Anayeigeuza ngao yake mwenyewe ameshaivunja.

Saa saba na dakika kumi na moja, fundi aliinua vidole viwili: mhandisi wa bwawa amepokea, ni kweli. Akalisoma tangazo mara nne bila kupumua. Mara ya nne akasahau kwamba yuko hewani.

"Mdogo wangu, toka! Acha vyombo, acha kila kitu, toka!"

Mto ulifika saa saba na robo. Wengi walikuwa wameshaanza kupanda. Mdogo wake alionekana mara ya mwisho njiani, mtoto mgongoni, hatua kama mia mbili chini ya kilima.

Maji yaliua watu tisa, mdogo wake na mtoto wakiwemo. Kati ya simu ya mlinzi na tangazo zilipita dakika kumi na sita.