Maji Meusi ya Mama Wino

Wanafunzi wa chuo cha ufundi walimwita Mama Wino, naye hakulichukia jina hilo. Vidole vyake vilikuwa na madoa meusi ambayo sabuni ya kufulia ilishayakatia tamaa. Yalitoka juu ya paa la karakana ya umeme. Huko, mgongoni mwa paneli moja ya sola aliyoinunua mwenyewe, alikuwa amefunga mirija ya shaba, na ndani ya mirija akazungusha maji meusi. Weusi ule ulikuwa wa chembe za kaboni, ndogo kiasi kwamba hadubini ya maabara yao haikuweza kuziona mojamoja.

"Paneli ikichemka, umeme unapungua," aliwaambia wanafunzi. "Maji haya yanalibeba lile joto na kulipeleka kwenye tangi. Jua lilelile linawasha taa, linachemsha na maji ya kuoga."

"Maji matupu hayatoshi, mwalimu?"

"Yanabeba. Haya yanabeba zaidi."

Ubishi ulikuwa asili yake. Dada yake mkubwa, ambaye ni mkunga, alipenda kusema kwamba mdogo wake alitanguliza miguu siku ya kuzaliwa, na tangu hapo hajawahi kupita njia ya wenzake.

Sasa siku moja chuo kilipata wageni wazito, wakapandishwa paani kuona maajabu. Kumbe zile chembe zilikuwa zimeshikana na kutuama kama mashapo ya kahawa. Mrija ukaziba, pampu ikasukuma, kiungio kikafyatuka, na mgeni mkuu akashuka ngazi akiwa na shati la madoadoa. Mkuu wa idara, mtu mpole asiyependa kelele, aliomba radhi mpaka koo likamkauka.

Kesho yake akamwita Mama Wino ofisini.

"Mwalimu, mtambo ule uteremshwe."

"Haujamaliza kazi yake."

"Umeharibika mara ngapi?"

"Nyingi. Na kila mara nimejua kilichoharibika."

"Wenzako wanafundisha yaliyomo vitabuni, jioni wanarudi nyumbani wakiwa na amani."

"Amani ninayo, mkuu. Nafasi ndiyo sina."

Mkuu akashusha pumzi. Alimpa mpaka mwisho wa wiki.

Mama Wino hakusubiri wiki iishe. Adhuhuri, chuo kizima kikiwa nje, aliifungua paneli yake, mirija na pampu, akavipakia kwenye mkokoteni na kuusukuma taratibu mbele ya madirisha ya ofisi. Mlinzi wa lango alimuuliza nani kamruhusu. "Mkuu alitaka uteremshwe," akajibu. "Nimeuteremsha." Na mkokoteni ukapita.

Aliupeleka kwa dada yake, kwenye zahanati ndogo ya uzazi iliyokuwa mwisho wa mtaa. Pale maji ya kuwaogesha mama waliojifungua yalichemshwa kwa mkaa, na umeme ulikuwa wa kubahatisha.

"Dada, nipe paa lako."

"Wino wako uje uwamwagikie mama zangu?"

"Hauwafikii. Unazunguka ndani ya koili, mrija uliosokotwa, umefungwa humo. Maji ya kuoga yanapita nje yake. Hayakutani."

Mkunga alimwonyesha beseni la kuogea. "Nikiona tone moja jeusi kwenye beseni, nakuteremsha wewe pamoja na mtambo wako."

Ndipo kazi ikaanza upya. Mama Wino alizitibu chembe kwa tindikali ili zikubaliane na maji, ziache kukumbatiana zenyewe kwa zenyewe. Kisha akapanga chupa kwenye dirisha la jikoni kwake, kila moja na kipimo chake, akazitazama kila asubuhi akipiga mswaki. Zile nyeusi tii, alizozitegemea, zilituama moja baada ya nyingine. Iliyobaki imesimama vilevile ilikuwa hafifu kuliko zote, rangi ya moshi. Alicheka peke yake. Miaka yote hiyo, kila joto lilipopungua, yeye alizidisha chembe, kama mpishi anayetibu mchuzi kwa chumvi.

Mtambo ulipowashwa na ile hafifu, pampu ilinguruma bila kukwama. Taa ya chumba cha kuzalishia ikawaka, na mama wa kwanza akaoga maji ya moto bila mtu kupuliza jiko. Si kwamba mambo yalinyooka kabisa. Siku za mawingu maji yalikuwa vuguvugu, na baada ya miezi kadhaa ilimbidi auzibue mrija na kuyakoroga yale maji tena. Aliuzibua, akanung'unika, akaendelea.

Habari zilimfikia mkuu wa idara. Akaja mwenyewe, kofia mkononi.

"Mwalimu, tunapata wageni wengine. Turudishie mtambo, hata kwa siku moja."

"Hapana, mkuu."

"Wewe bado ni mtu wa chuo."

"Ni wa chuo, na Jumatatu nitaingia darasani. Mtambo upo kazini hapa. Waleteni wageni huku. Wavue viatu mlangoni, wasiwaamshe watoto."

Mkuu akavaa kofia yake.

Wageni walikuja. Mkunga aliwasimamisha uani, juani, mpaka mzazi mmoja alipomaliza kuoga. Mama Wino alikuwa juu akiipangusa paneli vumbi. Mkuu akamwita ashuke awasalimie.

"Karibuni," alijibu bila kugeuka. "Mwenye swali apande, ngazi hiyo hapo."