Kisanduku cha nyanya

Jamani, leo shangazi amenimaliza.

Wiki tatu nagombana na mhariri mwenzangu kwenye kamusi elezo ya mtandaoni. Niliandika makala ndefu juu ya marehemu nyanya, aliyekuwa akiwapaka hina maarusi wa Mji wa Kale. Mwenzangu akabandika kisanduku cha muhtasari pembeni: jina, alikozaliwa, kazi. Basi!

Nikamwambia akiondoe, nyanya haenei humo. Akasema wasomaji hawataki zaidi.

Leo nikaichapisha makala kwenye karatasi, nikampelekea shangazi dukani kwake Biashara Street. Nyanya ndiye mamake. Nilijua atalia.

Kweli alilia.

Kwa kile kisanduku!

"Mwanangu, umesema yote hapa. Mungu akuweke."

(Wala si mimi niliyeyasema.)

Akachukua mkasi wa kukatia leso, akakikata kisanduku, akakitia kwenye fremu.

"Na kurasa zilizobaki, shangazi?"

Alikuwa ashanifungia mahamri nazo.

Sasa hivi mwenzangu ameniandikia: "Lete ushahidi kuwa wasomaji hawakitaki kisanduku."

Nimjibu nini, jamani? Niko hapa nje ya duka natafuna, na utoto wote wa nyanya umelowa mafuta.