Maua Manne Yaliyokwenda Kulia

Ilipofika saa nne na dakika kumi asubuhi, Mama Katibu alijua kwamba kiti chake kimeshaonekana kitupu. Kiti hicho aliwekewa mbele kabisa ya ukumbi wa maktaba, pembeni ya shuka kubwa la kroshia lenye vipande sitini, kila kimoja na ua lake katikati, ili akae afume hadharani na wageni wajionee fundi akiwa kazini. Badala yake alikuwa kitandani, kajifunika mablanketi mawili, meno yakigongana kama vikombe kwenye sinia. Homa ilikuwa ya kweli. Hilo alijiambia kwa mara ya tatu, kama shahidi anayekariri maneno yake kabla hajaitwa.

"Thelathini na tisa na nusu," mwanawe alisema, akiinua kipimajoto dirishani. "Hata ungekuwa malkia wa kroshia, mama, leo ungelala."

"Soma tena."

"Nimesoma mara mbili."

"Soma tena, halafu kiweke pale mezani watakapokiona."

Maana wangekuja. Hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye, kwa sababu kanuni aliiandika mwenyewe. Kikundi chao kiliitwa Vidole Kumi, wanawake kumi na wawili waliokutana kila Jumamosi kufuma kwa kupenda tu. Miaka mitatu nyuma mmoja wao alileta udhuru wa tumbo, na siku hiyohiyo tumbo lile likaonekana arusini likijaziwa sahani ya pili. Ndipo Mama Katibu, aliyekuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka thelathini na moja, akaandika kanuni namba saba: Mgonjwa huonwa, hasikiwi. Asiyefika kwa ugonjwa atatembelewa siku hiyohiyo na wanachama wawili. Aliisoma mbele ya wenzake kwa sauti ya hukumu, wakampigia makofi.

Sasa kanuni ilikuwa njiani kuja kwake, naye hakuogopa kuambiwa kwamba haumwi. Aliogopa mikono yake.

Kwa miezi kadhaa mikono ile ilikuwa ikimtoroka. Ilianza kidole gumba cha kulia, kikawa kinajichezea chenyewe kama mtu anayehesabu tasbihi. Ikafika mahali ncha ya sindano ya kroshia haioni tena tundu la kitanzi. Kila mwanachama alitakiwa kufuma vipande vitano, na kanuni namba moja ilisema kila mtu na vidole vyake. Cha kwanza alikimaliza kwa wiki tano na machozi. Cha pili alikifumua mara sita. Mara ya sita mwanawe, aliyekuwa amekaa karibu yake akinywa chai, alinyoosha mkono akasema neno moja: "Lete."

Kazi ya mwana huyo ilikuwa kuchomelea mageti. Mtaani wakimwita Shoto, kwa kuwa nyundo, kijiko na kalamu vyote vilikaa mkono wa kushoto. Alipokuwa mdogo alikaa miguuni pa mama yake akijifunza kufuma kwa kumtazama, mpaka siku marehemu baba yake alipomkuta na uzi, akakohoa kikohozi kile cha wazee kisichohitaji maelezo. Sasa alikuwa mtu mzima, mume wa mtu na baba wa watoto wawili, mikono ina makovu ya cheche za moto, na jioni nne mfululizo alifuma vipande vinne huku mama yake amefunga mapazia.

"Mtu akiniona nitasema natengeneza wavu wa goli," alitania.

"Nyamaza," mama alimjibu. "Jina la baba yako si la kuchekwa barabarani."

Mama alihesabu vitanzi vya kila mzunguko, vikatimia bila pungufu. Akavipeleka, vikaandikwa kwa namba kwenye orodha chini ya jina lake. Alhamisi mwenyekiti akamtangazia habari ya kiti. Akae afume, watu wote wamwone! Usiku hakulala. Akamwomba Mungu kitu ambacho mtu mwenye akili timamu haombi: nipate hata homa. Ijumaa adhuhuri ikaja.

Hilo ndilo lililomsumbua kuliko homa yenyewe. Anayeumwa baada ya kuomba kuumwa, je, huyo ni mgonjwa au mtoro? Akilini aliwaona wenzake wakibeba meza bila yeye, wakitafuta pini alizokuwa azilete, wakimtetea mbele ya wageni: katibu wetu anaumwa kidogo, katibu wetu ni mtu wa kweli. Kila neno jema alilodhani wanalisema lilimchoma ubavuni.

Saa tisa alasiri hodi ikapigwa.

Alisikia mwanawe akifungua mlango, akasikia viatu viwili tofauti, kimoja kizito na kimoja cha visigino. Akaingiza mikono yote chini ya blanketi na kuibana mapajani.

Kiatu kizito kilikuwa cha mwenyekiti, mkunga mstaafu, mama mnene asiye na haraka. Cha visigino kilikuwa cha fundi cherehani, mwembamba wa umbo na mrefu wa ulimi.

"Pole, dada," mkunga alisema.

"Nimeshapoa. Nisameheni, jamani. Nimewaangusha."

"Tumekuja kwa mujibu wa kanuni namba saba," fundi cherehani alisema, akikiangalia kipimajoto mezani. "Umeitunga mwenyewe, usininunie. Haya, homa ipo, nimeiona. Ningekuta umepaka wanja leo ningekutia adabu."

Wote walicheka kidogo, na Mama Katibu naye akacheka, akadhani hatari imepita. Lakini fundi cherehani alivuta kiti, akakaa kama mtu mwenye jambo.

"Sasa sikia kilichotupata. Shuka tumelitundika ukutani, limependeza, watu wanapiga picha. Akaja bibi mmoja, kavaa miwani yake, kalikaribia mpaka pua inagusa uzi. Akaanza kucheka. Anasema, 'Hapa kuna mtu kafuma kwa shoto.' Tukamwona mwehu. Akatuonyesha. Maua hamsini na sita yanazunguka kwenda kushoto. Manne yanakwenda kulia."

Vitanzi Mama Katibu alivihesabu, naam, na idadi ilitimia. Upande hakuutazama. Kipande kikiwa pajani hakuna anayetazama ua linakozungukia. Linaonekana pale tu linapotundikwa kati ya wenzake.

"Tukafungua orodha," fundi cherehani aliendelea, polepole sasa. "Ni vya kwako, Katibu."

Kabla hajapata la kusema, mwanawe alisogea kutoka mlangoni.

"Mama anajifunza kutumia mkono wa kushoto," alisema. "Wanasema inanoa ubongo."

"Wanasema akina nani?"

"Wa... redioni."

Tangu utotoni kijana huyu akisema uongo masikio yake yalikuwa yakisogea nyuma kidogo, kama ya paka. Yalisogea. Fundi cherehani aliingiza mkono kwenye mkoba wake akatoa sindano ya kroshia na donge la uzi mweupe.

"Basi afume mizunguko miwili tu. Nikawaambie wenzangu nimeona kwa macho."

"Mama mdogo, mgonjwa huyo!"

"Mizunguko miwili, baba. Mimi simwambii apande mlima."

Mkunga alikuwa akitazama blanketi, pale mahali palipokuwa pakicheza peke yake.

Mama Katibu alimtazama mwanawe. Alikuwa amesimama na masikio yake ya paka, shingo imelowa jasho, akitafuta uongo wa pili. Miaka thelathini na moja mama huyu aliandika viapo vya watu, na jioni akirudi nyumbani alikuwa akimwambia mtoto huyuhuyu kwamba jina la nyumba ni kama shuka jeupe. Leo alikuwa amemkabidhi matope alipake shuka hilo mwenyewe, kwa ajili ya mama yake. Hofu ya kuchekwa haikumtoka. Ila hofu ya kumfanya mwanawe mwongo ilikuwa kubwa kuliko hiyo.

Akaitoa mikono.

"Si vyangu," alisema. "Nimefuma kimoja. Vinne ni vyake."

"Vya nani?" Fundi cherehani aligeuka. "Huyu? Wa mageti?"

"Huyu wa mageti."

"Ya Rabi! Na kona zake zimenyooka kuliko zangu." Akaanza kucheka, kisha akaiona mikono ile juu ya blanketi, na kicheko kikamfia kinywani. Akairudisha sindano mkobani bila kuambiwa.

"Nivueni ukatibu," Mama Katibu alisema. "Andikeni kwamba nimewadanganya. Mimi mwenyewe siwezi tena kuandika neno likasomeka."

"Ya kikundi yatazungumzwa Jumamosi ijayo," mkunga alijibu, "na sikufichi, kuna waliokasirika, hata mimi nimekasirika." Alikaa ukingoni mwa kitanda, akauchukua mkono wa kulia na kuulaza juu ya kiganja chake kama kitu kinachopimwa uzito. "Nimezalisha miaka thelathini kwa methali moja tu: mficha uchi hazai. Homa humtetemesha mtu mwili mzima, dada. Mtetemo huu umekaa kidoleni, na hata ukipumzika hautulii. Huu si wa homa. Tangu lini?"

Swali hilo ndilo alilolikimbia kuliko kiti, kuliko shuka, kuliko vicheko vya mtaa mzima. Halikuwa na kanuni ya kujificha nyuma yake.

"Miezi minane."

"Kumi na moja," mwanawe alisema kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulianza na kikombe, mama. Nilikuwa nakujazia nusu ili kisimwagike."

Alimtazama, naye akaangalia chini. Kumbe walikuwa wakifichana katika chumba kimoja, kila mmoja na pazia lake.

"Jumatatu saa mbili asubuhi nitakupitia twende kwa daktari," mkunga alisema.

"Na homa je?"

"Homa itakuwa imekwisha," mkunga alisema, na mkono ule hakuuachia.