Bunge la Kwanza la Jengo Letu

Walijenga kwa imani, nyumba ya kusikizana,
Mjenzi yu mlangoni, ndani wanapongezana.

Msusi mmoja Mkongomani aliwashawishi wapangaji wa jengo letu, hapa mtaa wa Berea, waunde baraza la kudai maji yarudishwe. Jumapili akateremsha viti vya saluni yake, kikao kikaanza. Sheria ya kwanza ikapendekezwa: mwenye mkataba tu ndiye atakayeketi na kupiga kura. Msusi mwenyewe amepanga chumba ndani ya fleti ya mwingine, bila mkataba.

"Pole, mama," akasema mhadhiri Mkenya, mpangaji mwenzetu. "Hata bunge la kwanza la jimbo jipya kule Marekani lilianza kwa kuamua nani ahesabiwe."

"Eh, papa! Kiu nayo iko na mkataba?" akauliza msusi.

Historia ya mhadhiri ilikuwa sahihi. Mikono ikainuliwa, sheria ikapita. Viti vyote vilikuwa na watu, changu kikiwamo. Aliyebaki amesimama ni msusi.