Mabua Yaliyobaki Shambani

Jumapili iliyopita nilikuwa katika kijiji kimoja jirani na Buigiri. Baada ya ibada, mama mmoja alinipeleka kuona shamba lake nyuma ya kanisa. Kwenye mafunzo ya kilimo yanayotolewa hapo kanisani, alifundishwa kuyaacha mabua ya mtama yafunike udongo, ili mvua ikinyesha unyevu usipotee upesi.

Tulimkuta shemeji yake akiingiza ng'ombe. Kwa desturi ya huko, mavuno yakiisha, mabua ni ya mifugo ya yeyote.

"Shemeji, watoe," mama alisema, mikono kiunoni.

"Unawanyima ng'ombe chakula ili ufunike udongo? Kwani udongo unasikia baridi?"

"Unasikia jua. Mwaka jana mtama wangu ulikauka ukiwa umefika magotini. Ukikauka tena, wanangu watakula mkia wa ng'ombe wako?"

Shemeji alicheka. Aliwatazama ng'ombe wake, mbavu zikihesabika, akamtazama mama. Kisha akapiga mluzi, na kundi likageuka taratibu.

Husemwa mkulima wetu ni mgumu kubadilika. Nadhani tunasahau kwamba mbinu mpya ya mtu mmoja humdai jirani yake naye akubali kupungukiwa.

"Mwaka huu tu," shemeji alisema. "Ukivuna, utanifundisha na mimi."

"Si uje darasani kanisani?"

"Nikakae benchi moja na mke wangu, aone nisivyojua? Utanifundishia hapahapa."